Kutembea Bure

Mwanamke aliyebeba mizigo tangu usichana hujulikana kwa kipaji chake cha uso. Cha Mukandori kilikuwa na bonde dogo juu ya nyusi, limepita kutoka upande hadi upande, na ngozi yake ilikuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Hapo ndipo mkanda ulipokaa. Kikapu kilikaa mgongoni, mkanda ukakishika kutoka kipajini, na mikono ikabaki huru kushika fimbo au kufuta jasho. Wajukuu wake huko Muheto, kijijini kwake, walipenda kupanda mapajani mwake na kupitisha kidole katika bonde hilo, polepole, kama mtu anayefuata njia.

Kazi yake ilikuwa ni njia. Kutoka milima ya Masisi alishusha viazi, maharagwe na fromaji, jibini za duara, mpaka kwenye joto la Walikale, kule ambako msitu umeifunika barabara na gari halipiti. Huko alipakia mawese, akapanda nayo. Siku tatu kushuka, nne kurudi. Mara mbili alifika hata Hombo, akaona malori ya Bukavu na kushangaa jinsi madereva walivyonenepa. Alijua kila kijito kwa ladha ya maji yake. Njia nyingine za maisha yake hazikuwa za biashara. Hizo alizipita akikimbia, na watu wa Masisi hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Miongoni mwa watu aliowabebea alikuwa Kyakimwa, mama wa Kinande aliyekuwa na duka la chumvi, sabuni na vitenge huko Mweso, katika njia ya hospitali. Mume wake, Nzanzu, alikuwa na gari aina ya Fuso, naye alikuwa barabarani zaidi kuliko nyumbani. Kyakimwa alikuwa mnene, mcheshi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau hasira. Siku moja aliamua kuifuata chumvi yake kwa miguu mpaka Walikale ili aone kwa nini inafika imelowa. Alianguka kwenye matope mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili Mukandori alimshika kiuno kabla hajafika chini, wakacheka mpaka wakakaa, na tangu siku hiyo wakawa wanaitana dada.

Basi ilikuwa mchana mmoja wa mwezi wa tatu, katika mwaka ambao njia zilikuwa zimetulia kidogo. Mukandori alikuwa amejibanza dukani akingoja mvua ipite, na mvua ikageuka kuwa ya mawe. Mabati yakapiga kelele hata watu wakaacha kuongea. Ilipotulia, Kyakimwa alitoka nje, akaokota jiwe moja la mvua, akarudi nalo katika kiganja na kulitazama likiyeyuka. Akasema kwamba kwao, Mutwanga, kuna mlima ambao kichwa chake chote ni kitu hiki. Baba yake alikuwa mbeba mizigo wa Wazungu waliopanda huko. Kila alipokuwa anarudi, midomo yake ilikuwa imepasuka na macho yamekuwa mekundu, na watoto walipomzunguka kumuuliza ameona nini, alikuwa akijibu neno moja tu, kwamba kule ni kweupe. Alikufa bila kuongeza la pili. Kyakimwa alizaliwa chini ya mlima huo, akaolewa chini yake, na hakuwahi kuupanda.

Akafuta kiganja chake kwenye kitenge.

"Dada, mu bantu bote niko najua, weye njo unajua kutembea. Utanipeleka kule juu."

"Juu ya kufanya nini?"

"Kuona."

"Kuona na kurudi?"

"Kuona na kurudi."

Mukandori alitazama nje, mahali ambapo watoto walikuwa wakijaza mawe ya mvua katika sahani. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alijaribu kukumbuka safari moja, hata fupi, ambayo alikwenda mahali ili kupaona tu, mikono mitupu, akarudi mikono mitupu. Hakuipata. Alimwambia Kyakimwa kwamba atafikiri. Lakini njia nzima ya kurudi Muheto, huku maji yakitiririka kando ya miguu yake, alijua kwamba ameshakubali.

Habari ilienea kijijini na kuwasumbua watu. Waliuliza kama kuna msiba, akasema hapana. Wakauliza kama ni harusi, ama kama amepata kazi ya shirika. Akasema hapana. Baada ya hapo hawakuwa na la kuuliza, maana hizo ndizo sababu ambazo humtoa mtu kwake. Mchungaji alitaka kumwombea, akakwama katikati ya sala kwa kutojua amwombee nini, akaishia kumwombea magoti. Mume wake, Habineza, aliichukua habari hiyo malishoni kwa siku mbili. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na watu wa ng'ombe hawana haraka. Siku ya tatu alitoa kabuti lake msumarini, lile zito la zamani lenye vifungo viwili vilivyobaki, akampa, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Mama Dorothée, kule iko baridi. Kamata hii."

Walisafiri juu ya Fuso la Nzanzu, wamekaa kwenye magunia. Sake, Goma, Rutshuru, Kanyabayonga, Lubero, Butembo. Mukandori hakuwahi kuona vilima vikipita bila miguu yake kufanya lolote. Mwanzoni mapaja yalikuwa yakikaza kwenye kila mpando, kama vile yeye ndiye anayelisukuma gari. Siku ya pili yaliacha. Alilala na kuamka, akalala tena, na kila alipofungua macho dunia ilikuwa nyingine: nyika yenye nyati wa mbali, halafu vilima vya vitunguu, halafu mji wenye vumbi jekundu ambako kila mtu alikuwa akimsalimia Kyakimwa kwa Kinande. Hakuwa na hakika tena ni siku ngapi zimepita. Jambo hilo halikumtisha.

Mutwanga hakukuwa na mlima. Kulikuwa na migomba, kakao, mto wenye kelele, na nyuma yake ukuta wa ukungu. Siku mbili waliutazama ukuta huo. Mukandori alianza kufikiri kwamba mlima wa dada yake ni kama hadithi zile ambazo watu huhifadhi za kwao, na kwamba adabu inamtaka asiulize. Siku ya tatu, asubuhi mapema, alikuwa ameinama nyuma ya nyumba akinawa uso. Alipoinua kichwa, ukungu ulikuwa umefunguka katikati. Hakuona kitu. Kisha akainua macho zaidi, akapita vilima, akapita mawingu, mpaka mahali alipojua siku zote kuwa ni pa Mungu peke yake, na huko juu kulikuwa na kitu cheupe kimekaa, kimetulia, kina kingo. Maji yalimkauka usoni. Alipokwenda kumwita Kyakimwa, ukungu ulikuwa umejifunga.

Aliyewaongoza alikuwa Trésor, mtoto wa kaka yake Kyakimwa, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye sauti ya chini ambayo ilimfanya kila mtu asogee karibu ili amsikie. Alikuwa kiongozi wa wapandaji kama babu yake alivyokuwa mbebaji. Yeye ndiye aliyepanga makaratasi na walinzi wa pori, akatafuta wabebaji wawili wa makaa na chakula. Kyakimwa alimwita tantine, yaani shangazi, na Mukandori alimwita Mama, na hakuwauliza hata mara moja kwa nini wanapanda. Kyakimwa alikuwa amenunua Butembo mifuko miwili ya mgongoni, ile ambayo watu huiita sakado. Mukandori alijaribu kuivaa mabegani kama alivyoonyeshwa, akatembea hatua tano, akasimama. Mabega yake hayakujua kazi hiyo. Akaifungua, akaunganisha mishipi yake na kitambaa, akaipachika kipajini, na mfuko ukakaa mahali pake. Wabebaji walitazamana, lakini Trésor alisema kwamba babu yake pia alikuwa akibeba hivyo hivyo.

Ndani ya mfuko kulikuwa na kabuti, blanketi, soksi za Habineza na fromaji moja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kila kitu alichobeba kuwa ni chake.

Siku ya kwanza walipita mashamba, kisha wakaingia msituni. Kyakimwa aliongea njia nzima. Siku ya pili ilikuwa ya mianzi, na mianzi ilipogongana kwa upepo ilitoa mlio wa mtu anayebisha hodi nyumba ya mbali. Kyakimwa akapunguza maneno. Mchana wake wakaingia katika miti ambayo Mukandori hakuwahi kuiota. Ilikuwa imejipinda kama wazee, na kila tawi lilikuwa limefunikwa na ndevu za kijani zilizoning'inia mpaka chini, zikidondosha maji. Ardhi yenyewe ilikuwa sponji. Mguu uliingia bila sauti na kutoka bila sauti. Ukungu ulipita kati ya miti kama ng'ombe wanaorudi zizini, mmoja mmoja, bila kusukumana. Mukandori aliwaona wenzake mbele yake wakipotea na kurudi, wakipotea na kurudi, na mara mbili alihesabu watu sita katika mstari wakati walikuwa watano.

Mwili wake ulikuwa unamsumbua. Mzigo ulikuwa mwepesi mno. Miguu ilikuwa ikiinuka juu kuliko alivyoiamuru, na shingo, iliyozoea kuvutwa nyuma, ilikuwa kama shingo ya mtu mwingine. Aliomba wabebaji wampe viazi vyao. Walikataa kwa adabu, wakisema kwamba itakuwa aibu kwao. Akaendelea hivyo hivyo, akielea.

Na kadiri alivyoelea, ndivyo alivyozidi kuhisi kile kingine ambacho kilikuwa mgongoni siku zote.

Miaka mingi nyuma, katika vita ya kwanza, alimbeba mama yake kutoka Muheto. Mama alikuwa mgonjwa na mwembamba, hazidi gunia la maharagwe. Mukandori alimfunga kwa kitenge, akapitisha mkanda kipajini, akatembea usiku mmoja na siku moja na kundi la watu. Alimwongelesha njia nzima. Alimwambia hapa ni kijito, hapa tunapanda, hapa kuna watu waliowasha moto, vumilia. Walipofika mahali pa kupumzika na wanawake walipomsaidia kumshusha, mmoja wao alimwambia kwa upole kwamba mama huyu amekuwa baridi tangu zamani. Hakuna aliyeweza kumwambia tangu wapi. Ni kwenye kijito, au ni kwenye mpando? Alimzika, akaendelea na njia, maana kundi lilikuwa linaondoka. Lakini tangu siku hiyo mgongo wake haukuwa mtupu. Chini ya viazi, chini ya mawese, kulikuwa na uzito mwingine mdogo, wa kuegemea, ambao hakuwahi kumweleza mtu. Kwa kweli ndio uliomfanya apende mizigo mizito. Mzigo mzito huufunika.

Walilala Mahangu, katika nyumba ya mbao. Siku ya tatu miti iliisha. Badala yake kulikuwa na mimea iliyosimama peke yake kama mishumaa ya kanisa, mirefu kuliko mtu, na mingine yenye shina nene na kichwa cha majani, ambayo Kyakimwa aliiita kabichi zilizokataa kuvunwa. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho la utani. Hewa ilikuwa imekonda. Kila hatua kumi alisimama na kushika magoti. Walipofika nyumba ya Kyondo, mawingu yakiwa chini yao kama maziwa katika beseni, alikaa mlangoni, akasema kichwa kinampasuka, akatapika.

Trésor alimtazama macho, akamuuliza maswali madogo madogo, jina la mume wake, siku gani leo. Kisha akasema kwa sauti yake ya chini kwamba mlima ukimkataa mtu hakuna kubishana nao, na kwamba tantine atarudi Mahangu sasa hivi, kabla jua halijainama, na wabebaji wawili watamshika pande zote. Kyakimwa hakulia. Alimvuta Mukandori kwa ukosi wa kabuti la Habineza mpaka nyuso zao zikakaribiana.

"Weye uende."

"Nitarudi na weye."

"Dada, nilikuomba unipeleke. Basi nipeleke. Nenda na macho yako, halafu unirudilie."

Wakamtazama akishuka kati ya wanaume wawili, mgongo wake mpana ukiingia katika ukungu. Mukandori alisimama mpaka hata sauti ya fimbo ikaisha.

Kesho yake, kulipopambazuka, yeye na Trésor walitoka. Mfuko waliuacha Kyondo. Walishuka kwenye kamba iliyofungwa mwambani, wakapita ziwa la kijani lililokaa kimya kama jicho, kisha jeusi, na baridi ilikuwa safi kiasi kwamba ilikuwa na harufu, kama ya chuma kilichooshwa. Walifika kwenye miamba mikubwa iliyolainishwa, yenye mikwaruzo mirefu iliyoelekea upande mmoja. Trésor akaweka mguu juu yake. Alisema kwamba hapa ndipo babu yake alipokuwa akiikuta barafu. Mzee mwenyewe alimwonyesha mahali hapo Trésor alipokuwa mdogo. Mukandori aliangalia mwamba mtupu. Wakatembea tena karibu saa nzima, wakipanda juu ya mawe yaliyolegea, ndipo ikawa mbele yao.

Kwa karibu haikuwa nyeupe. Ukingo wake ulikuwa mchafu, wa kijivu, umebeba vumbi na vijiwe kama ngozi ya mnyama mzee. Lakini mahali ilipopasuka, ndani yake kulikuwa na rangi ambayo Mukandori hakuwa na jina lake. Bluu, lakini si ya mbingu wala ya kitenge. Ilikuwa bluu ya kitu ambacho hakijawahi kuguswa. Na chini yake maji yalikuwa yakidondoka, tone, tone, tone, bila haraka, mahali fulani katika giza.

Alivua soksi alizovaa mikononi. Akaweka kiganja. Kisha, bila kujua kwa nini, akapiga magoti na kuegemeza kipaji chake, akaliweka lile bonde la mkanda kwenye barafu.

Baridi iliingia kama mwanga. Ilipita kipajini, ikashuka nyuma ya macho, ikashuka shingoni. Alisikia matone, na kati ya matone alisikia kimya kikubwa kuliko kimya chochote cha Masisi, kwa maana Masisi hata kimya husikiliza. Hiki hakikuwa kinasikiliza kitu. Alikaa humo. Aliwaona wale watu sita katika mstari, wakitembea katika ukungu, na yule wa sita alikuwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe, mbele kabisa, fimbo mkononi, hana haraka. Mukandori hakumwita. Akajua tu, kama mtu anavyojua kwamba mvua imekatika, kwamba mgongoni hakuna mtu.

Trésor alimgusa bega. Alisema amekaa hivyo muda mrefu, na jasho likiganda mtu anaugua. Alimsaidia kusimama, naye akagundua kwamba uso wake umelowa, bila kujua ni kwa barafu au kwa machozi. Akamuuliza Trésor kama itakuwa hapa akija tena.

"Itakuwa juu zaidi, Mama. Kila mwaka inarudi nyuma. Siku moja haitakuwa."

Mukandori aliitazama.

"Basi na yenyewe iko nakimbia," akasema.

Waliteremka siku hiyo hiyo, wakachukua mfuko Kyondo, wakafika Mahangu jua likiwa limekwisha kugusa mawingu. Kyakimwa alikuwa amekaa karibu na moto, uso umerudi rangi yake, mkononi ana kikombe cha chai. Kichwa kilikuwa kimeacha kumuuma njiani, alisema, kama vile mtu alikiondoa na kuweka kingine. Mukandori alikuwa amemletea kipande cha barafu ndani ya sufuria ndogo, kimefungwa kwa blanketi. Walipofungua, yalikuwa maji, na mchanga kidogo chini. Kyakimwa alitumbukiza kidole, akanusa, akayamwaga ukunguni, nje ya mlango.

"Sikukuja kunywa mayi," akasema. "Nieleze."

Mukandori alifungua mdomo. Alimwelewa yule mzee wa midomo iliyopasuka na neno lake moja. Alijaribu kusema ni kama nini, na kila alichokifananisha kilikuwa uongo: haikuwa kama maziwa, haikuwa kama pamba, haikuwa kama kioo. Kyakimwa alingoja, macho yamemkazia, na kungoja kwake kulianza kugeuka kuwa huzuni. Ndipo Mukandori akafanya kile alichokijua. Wabebaji wa njia ya Walikale wana namna yao ya kumweleza mwenzao njia asiyoipita: hawamwambii ni nzuri au mbaya, wanamtembeza. Akamwambia afumbe macho, akamshika mkono.

"Unatoka Kyondo, mulima iko ku mukono yako ya kuume. Unashuka na kamba. Usiangalie chini, angalia mukono yako. Pale iko jiwe inatikisika, usikanyage. Sasa kuko ziwa ya kijani. Pumzika."

Kyakimwa alipumua.

"Nimepumzika," akasema.

"Sasa unapanda mu majiwe. Polepole. Hapa njo papa yako alifikaka, jiwe iko laini, shika."

Akauchukua mkono wa Kyakimwa, akauweka juu ya jiko la chuma ambalo lilikuwa limepoa upande mmoja. Vidole vya Kyakimwa vikapapasa. Hakufungua macho. Mukandori alimpeleka hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, mpaka ukingo mchafu, mpaka mpasuko, mpaka bluu isiyo na jina. Pale akanyamaza, akaacha matone yadondoke. Mvua ilikuwa ikidondoka kutoka paa la nyumba ile, taratibu. Trésor, ambaye alikuwa akimenya viazi pembeni, aliacha kisu. Mwishowe Kyakimwa akavuta pumzi ndefu, akasema kwamba kule ni baridi sana, warudi sasa. Mukandori akamrudisha kwa njia ile ile, jiwe kwa jiwe, maana haifai kumwacha mtu njiani.

Huko Muheto Habineza alimpokea kabuti, akalitundika. Aliuliza kama ameona, akasema ameona. Aliuliza kama kuna majani ya ng'ombe kule, akasema hakuna. Alitikisa kichwa kwa kuihurumia nchi ile, na mazungumzo yao juu ya barafu yakaishia hapo. Baada ya wiki mbili Mukandori alikuwa njiani tena kuelekea Walikale na viazi. Watu waliokuwa wakitembea naye walisema amebadilika mwendo. Alikuwa anakubali mizigo midogo. Kuna wakati, kwenye mpando, alisimama bila kuchoka, akageuka kuangalia bonde alilotoka, halafu akaendelea.

Miaka haikutulia. Vita ilirudi Mweso, duka likafungwa, na Kyakimwa na Nzanzu wakahamia Butembo. Mukandori alikimbia mara mbili zaidi na kurudi mara mbili, na goti la kushoto likamwachisha kazi ya njia. Siku za Jumapili, mtandao ukikubali, dada hao wawili wa matope wanaongea kwa simu: watoto, mvua, ugonjwa wa mihogo, nani amekufa.

Jumapili moja Kyakimwa alipiga akiwa na wageni, wanawake wa kwaya yake, na akaacha simu wazi ili wamsalimie rafiki yake wa Masisi. Wakasalimiana. Kisha mmoja wao akaomba ile habari ya mlima, na Kyakimwa, akisahau simu, akaanza. Mukandori alikuwa amekaa nje kwake akichambua maharagwe. Alisikiliza. Ilikuwa njia yake, kamba, jiwe linalotikisika, ziwa la kijani, mwamba laini, lakini Kyakimwa aliisema kama mtu aliyeipita kwa miguu yake, bila kusita, bila kumtaja mwingine. Alifika kwenye barafu. Alisema alipiga magoti. Akasema kwamba katika kimya kile kuna ndege alikuja, akatua juu ya ukingo, akamwangalia, akaruka.

Wageni walipokwenda, Kyakimwa alikumbuka simu, akaichukua kwa aibu kidogo. Akauliza kama dada yake bado yuko. Mukandori akasema yuko, na kwamba amesikia yote, na kwamba hakumwona ndege.

"Kwangu alikuwako," alisema Kyakimwa.

Mukandori aliokota jiwe dogo katika maharagwe, akalitupa. Akamuuliza ndege huyo alikuwa wa rangi gani.